Nguvu haikaririwi: shule ya Mama Curie na watoto wa shule zetu

Nani kati yenu amekwisha kuiona nguvu kwa macho yake? Embe likianguka toka mtini, tunaliona embe. Mtumbwi ukielea ziwani, tunauona mtumbwi. Chukudu ikiteremka mlima na mzigo wa makaa, tunaiona chukudu, na mwenye kuiendesha tunamwona akikandamiza gurudumu la nyuma kwa mguu ili kupunguza mbio. Lakini nguvu yenyewe inayovuta embe, inayobeba mtumbwi, inayokimbiza chukudu, haina rangi wala umbo. Tunaijua kwa kazi yake tu.

Hapo ndipo penye taabu ya mwalimu. Mtoto wa miaka 9 au 10 atafundishwa namna gani kitu kisichoonekana? Njia ziko mbili. Ya kwanza ni kuandika ubaoni maana ya nguvu, na watoto waimbe maneno yale mpaka yakae kichwani. Ya pili ni kumpa mtoto maji, chupa, uzi na jiwe, afanye mwenyewe, aone, kisha aseme alichoona. Njia ya kwanza ni nyepesi kwa mwalimu, ndiyo sababu imeenea pote duniani. Njia ya pili ina historia yake, nayo ni fupi kuliko tunavyodhani. Tuisimulie leo, maana inatuhusu sisi watu wa Kongo kuliko wengi wanavyofikiri.

Hata wasomi walikariri

Kwanza tusiwacheke watoto wanaokariri, kwani wazee wenye elimu walifanya vilevile kwa karne nyingi. Aristotle, Mgiriki wa kale, alifundisha kwamba kitu kizito huanguka upesi kuliko kitu chepesi, kwa kadiri ya uzito wake. Wachache walitia shaka. Walio wengi waliyapokea maneno hayo kwa karibu miaka elfu mbili, wakayafundisha kwa wengine, nao wakayafundisha kwa wengine tena.

Mwaka wa 1586 kilitoka kitabu cha Simon Stevin, mtu wa mji wa Bruges, katika nchi inayoitwa leo Ubelgiji. Humo alieleza jambo alilolifanya na rafiki yake Jan Cornets de Groot. Walichukua mipira miwili ya risasi, mmoja mzito mara 10 kuliko wa pili. Waliiachilia pamoja toka juu, futi 30, ianguke juu ya ubao. Kama maneno ya zamani yangekuwa kweli, mpira mzito ungefika mbele sana. Lakini walisikia mshindo mmoja tu. Mipira ilifika pamoja.

Miaka michache baadaye, Galileo wa Italia alitaka kujua zaidi: kitu kinapoanguka, mwendo wake unaongezeka namna gani? Shida ni kwamba kitu kinachoanguka kina mbio sana, jicho haliwezi kukifuata, na wakati ule hapakuwa na saa nzuri. Basi Galileo alifanya akili. Alitengeneza ubao mrefu wenye mfereji laini, akauinamisha kidogo, akaviringisha mpira wa shaba humo. Mteremko ulipunguza mbio. Wakati aliupima kwa maji yaliyotoka katika chombo kupitia tundu dogo: aliyapima maji kwenye mizani, nayo yakamwambia muda. Akaona jambo la ajabu. Mpira ukienda hatua 1 katika kipindi cha kwanza, huenda hatua 3 katika cha pili, 5 katika cha tatu, na 7 katika cha nne. Aliyaandika hayo katika kitabu kilichotoka mwaka wa 1638.

Tazama vifaa vya watu hao: mipira, ubao, maji, mizani. Hakuna kitu ambacho fundi wa kijiji asingeweza kukipata au kukitengeneza. Elimu ya nguvu ilianza kwa mikono. Lakini ilipoingia katika mashule, iliingia kama maneno. Yale ambayo Stevin na Galileo waliyavumbua kwa kukataa kukariri, watoto waliambiwa wayakariri.

Watoto waliitwa watazame

Mtu wa kwanza kusifiwa sana kwa kuwaonyesha watoto majaribio ya nguvu ni Mwingereza Michael Faraday. Alikuwa mtoto wa mhunzi, hakusoma shule ndefu, na alipokuwa kijana alijifunza kazi ya kushona vitabu. Alipata elimu yake kwa kusoma vitabu alivyovishona, kisha kwa kuwa msaidizi katika nyumba ya elimu iitwayo Royal Institution, mjini London. Huko, tangu mwaka wa 1825, mafundisho ya wakati wa Noeli yalianza kutolewa kwa ajili ya vijana. Faraday mwenyewe aliyatoa mara 19, kati ya miaka ya 1827 na 1860. Mafundisho yake ya mwisho wa mwaka wa 1859 na mwanzo wa 1860 yalihusu nguvu mbalimbali za maumbile: nguvu ya dunia inayovuta vitu vyote, nguvu inayoshikamanisha vitu, joto, sumaku na umeme.

Watoto walifurahi mno. Lakini walikaa kwenye viti, na aliyeshika vifaa alikuwa Faraday. Tena wengi wao walikuwa watoto wa watu wenye mali. Ilibaki hatua moja: kifaa kitoke mkononi mwa mwalimu, kiingie mkononi mwa mtoto.

Shule ya Mama Curie

Marie Curie alizaliwa Warsaw, Polandi, mwaka wa 1867. Alikwenda Paris kusoma, akaolewa na Pierre Curie, na pamoja waligundua radiamu mwaka wa 1898. Mwaka wa 1903 walipewa tuzo ya Nobel pamoja na Henri Becquerel. Lakini tarehe 19 Aprili 1906 Pierre aligongwa na gari la farasi katika barabara ya Paris, akafa papo hapo. Mama Curie alibaki mjane na mabinti wawili: Irène wa miaka 8, na Ève ambaye hajatimiza miaka 2. Mwezi wa Novemba mwaka ule alianza kufundisha mahali pa mumewe huko Sorbonne. Hapakuwa na mwanamke aliyefundisha pale kabla yake.

Mjane huyu, pamoja na kazi zote hizo, alikuwa na wasiwasi juu ya masomo ya Irène. Aliona watoto wa mji wanafungiwa darasani saa nyingi mno, katika umri wa kukimbia na kucheza, na wanatoka na maneno mengi na maarifa machache. Akaongea na marafiki zake, walimu wa vyuo kama yeye. Wakapatana hivi: watoto wao, kama kumi hivi, wasiende shule kwa muda, wazazi wenyewe watawafundisha kwa zamu, somo moja kwa siku, na saa zinazobaki ni za kucheza na kufanya kazi za mikono. Jean Perrin alifundisha kemia. Paul Langevin alifundisha hesabu. Henriette Perrin, mke wa Jean, alifundisha historia na Kifaransa. Mama Curie alichukua fizikia, yaani elimu ya nguvu, uzito, joto na mwendo. Ushirika huo ulidumu karibu miaka miwili, toka 1907.

Tunajua mambo yaliyofundishwa kwa sababu msichana mmoja wa kundi lile, Isabelle Chavannes, aliandika katika daftari yale aliyoyasikia na kuyaona. Daftari hilo lilihifadhiwa na jamaa, na mwaka wa 2003 lilichapishwa huko Ufaransa. Humo Mama Curie hatoi kwanza maana ya maneno. Anauliza. Anawaachia watoto wajibu, hata wakikosea. Kisha wanajaribu, na jaribio ndilo linaloamua.

Alianza na hewa, maana hewa inadanganya watu. Tunasema chupa ni tupu, kumbe imejaa hewa. Mtoto wa shule zetu anaweza kulithibitisha leo. Achukue glasi, aipindue, aizamishe wima katika beseni la maji. Maji hayapandi mpaka juu, kwa sababu mna kitu ndani kinachoyazuia. Ainamishe glasi kidogo: hewa itatoka kwa mapovu, na maji yataingia mahali pake.

Halafu Mama Curie aliwaonyesha watoto kwamba hewa ina uzito. Litre moja ya hewa kando ya bahari ina gramu 1 na kidogo tu. Ni kidogo, lakini hewa iliyo juu yetu ni nyingi sana, imepandana kilometre na kilometre, na yote inatulemea. Huko Ufaransa jambo hili lilithibitishwa tarehe 19 Septemba 1648. Blaise Pascal alimwomba shemeji yake, Florin Périer, apande mlima wa Puy de Dôme na bomba la kioo lenye zebaki. Chini ya mlima zebaki ilisimama juu zaidi. Juu ya mlima ilishuka kwa sentimetre kama 8, kwa kuwa kule hewa ya kulemea ni pungufu. Sisi tunaokaa karibu na Ziwa Kivu tuko tayari mlimani, maana ziwa lenyewe liko metre 1,460 hivi juu ya bahari. Kwa hiyo hapa maji huchemka kwenye joto la digrii 95 hivi, si 100, na maharage hukawia kuiva. Hata hivyo, juu ya kiganja chenye sentimetre mraba 100, hewa ya hapa inakandamiza kwa uzito wa kilo 85 hivi. Mbona mkono hauvunjiki? Kwa sababu hewa inasukuma vilevile toka chini. Jaza glasi maji mpaka pomoni, funika kwa karatasi ngumu, shika karatasi kwa mkono, pindua glasi, kisha ondoa mkono pole pole. Maji hayamwagiki. Nguvu ile isiyoonekana imeshikilia karatasi.

Somo lingine lilieleza namna maji yanavyofika kwenye robine. Mtoto wa Bukavu huona tangi limejengwa juu ya kilima, naye hajiulizi kwa nini. Maji yaliyo juu yanalemea maji yaliyo chini. Kila metre 10 za kimo huongeza karibu kilo 1 juu ya kila sentimetre mraba. Toboa chupa ya plastiki matundu matatu, moja juu, moja katikati, moja chini, ujaze maji. Tundu la juu linalia machozi tu. La chini linarusha maji kwa nguvu. Mtoto akiliona hilo, hatalisahau.

Yai, mashua na gololi

Masomo mengine yalihusu vitu vinavyoelea na vinavyozama. Archimedes wa Syracuse, aliyeuawa mwaka wa 212 kabla ya Kristu, alikuwa ameeleza kwamba maji husukuma juu kila kitu kilichomo ndani yake, kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji yale kitu kilichoyaondoa mahali pake. Maneno hayo ni magumu kwa mtoto. Lakini yai si gumu. Yai bichi likitiwa katika maji matamu huzama. Tia chumvi kijiko kwa kijiko, ukoroge pole pole. Maji yanazidi kuwa mazito, na msukumo wao unazidi, mpaka yai linaondoka chini na kupanda juu lenyewe. Yai halikubadilika. Maji ndiyo yaliyobadilika.

Vilevile donge la udongo wa mfinyanzi likitiwa majini huzama. Udongo uleule ukifinyangwa kama bakuli, unaelea, kwa sababu sasa unaondoa maji mengi zaidi. Hiyo ndiyo siri ya meli ya chuma. Watu wa Ziwa Tanganyika walishuhudia jambo hili kwa meli moja kubwa. Wajerumani waliileta vipande vipande, wakaiunga Kigoma, wakaiita Graf von Goetzen. Mwaka wa 1916 waliizamisha wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi, adui asiipate. Mwaka wa 1924 Waingereza waliiinua, na tangu 1927 ilisafiri tena kwa jina la Liemba. Chuma kilikuwa kilekile. Ilielea, ikazama, ikaelea tena, kwa kadiri mwili wake ulivyokuwa na hewa au maji.

Binti wa pili wa Mama Curie, Ève, aliyeandika kitabu cha maisha ya mama yake mwaka wa 1937, ametuachia habari nyingine za shule hiyo. Watoto walichukua gololi za chuma za baisikeli, wakazichovya katika wino, wakaziachilia juu ya ubao ulioinamishwa. Gololi iliandika njia yake yenyewe: mstari uliopinda. Kwa nini umepinda? Kwa sababu gololi ina myendo miwili pamoja. Mmoja unakwenda pembeni, hauongezeki. Wa pili unashuka, nao unaongezeka kila mara: 1, 3, 5, 7, kama alivyoona Galileo. Ndiyo njia ya jiwe ambalo watoto wetu wanalitupa kuangusha maembe. Wanaijua kwa mkono; wanachokosa ni kuiona imeandikwa.

Siku nyingine, anasimulia Ève, mama yake aliuliza: kuna chombo chenye kitu cha moto, tufanye nini joto lisitoke? Watoto wenye akili walitafuta njia za ajabu. Wengine walitaka kukizungushia sufu, wengine walifikiria mitambo ya kitaalamu. Mama Curie akatabasamu, akawaambia kwamba yeye angeanza kwa kukifunika. Kila mpishi wa kwetu angetoa jibu hilo. Na hilo ndilo somo: elimu ya kweli haimtoi mtu katika akili ya nyumbani, inaikamilisha.

Shule ilifungwa kwa sababu gani?

Baada ya miaka miwili hivi ushirika ulivunjika. Wazazi walilemewa na kazi zao. Tena watoto walikuwa wanakua, na mbele yao palikuwa na mtihani wa serikali. Mtihani haukuuliza gololi ilifanya nini. Uliuliza yaliyoandikwa katika programu. Basi watoto walirudi katika shule za kawaida. Msomaji atakiri kwamba habari hii si ngeni. Hata leo, mwalimu akitaka kutumia nusu saa kwa glasi na maji, kitu cha kwanza anachokumbuka ni mtihani wa mwisho wa mwaka.

Watoto wale walifika wapi? Irène Curie alipewa tuzo ya Nobel mwaka wa 1935 pamoja na mumewe Frédéric Joliot. Francis Perrin, mtoto wa Jean, aliongoza kazi za nguvu za atomu katika Ufaransa toka 1951 hadi 1970 akiwa kamishna mkuu. Lakini tusijidanganye. Mtu anaweza kusema: hao walikuwa watoto wa wataalamu, wangefaulu hata bila gololi. Anasema kweli. Watoto kumi wa walimu wakubwa wa Paris hawawezi kuthibitisha kwamba njia hii inamfaa mtoto wa mkulima au wa mchimba madini, aliye katika darasa la watoto 60. Ilibidi ijaribiwe kwa watoto wa watu wote.

Jiwe la Katanga lilitangulia

Hapa historia inatugusa sisi. Mwaka wa 1915 mawe yenye uraniamu yaligunduliwa Shinkolobwe, katika Katanga. Katika mawe hayo mlikuwa na radiamu, ile aliyoigundua Mama Curie. Tangu 1922 yalisafishwa katika kiwanda cha Olen, Ubelgiji, na kwa miaka mingi Ubelgiji iliuza sehemu kubwa ya radiamu ya dunia. Mwaka wa 1929 watu wa Marekani walipomchangia Mama Curie fedha za kununua gramu moja ya radiamu kwa ajili ya hospitali ya Warsaw, gramu hiyo ilinunuliwa Ubelgiji. Basi jiwe la Katanga lilifika kwa Mama Curie zamani. Somo la Mama Curie halikufika kwa watoto wa Katanga.

Haina maana kwamba mikono ya watoto wetu ilikaa bure. Katika mashule ya wakati wa ukoloni, ya misheni na mengine, watoto walilima bustani, walisuka vikapu, walifyatua matofali. Lakini mara nyingi mikono ilipewa kazi, na kichwa kikapewa maneno ya kukariri, na viwili hivyo havikukutana. Aliyebeba matofali juu ya ubao ulioegemezwa ukutani hakuulizwa kwa nini kupanda kwa ubao kulikuwa kwepesi kuliko kunyanyua wima. Hata chuo kikuu cha Lovanium, kilichofunguliwa mwaka wa 1954, kilipata mwaka wa 1959 mtambo wa kwanza wa atomu katika Afrika nzima. Juu pakawa na mtambo wa atomu. Chini, katika shule ya msingi, hapakuwa na mizani. Nyumba ilijengwa kuanzia paa.

Watoto wa Kenya, na watoto wa Ufaransa

Jaribio kubwa kwa watoto wa Afrika lilianza katika miaka ya 1960. Mwaka wa 1965 walimu na wataalamu wa nchi mbalimbali za Afrika zilizofundisha kwa Kiingereza walikutana Kano, Nigeria, pamoja na wenzao wa Marekani. Wakaanzisha mpango wa sayansi kwa shule za msingi. Azimio lao lilikuwa hili: vifaa vitoke palepale kijijini. Waliandika vitabu vidogo kwa walimu. Kimoja kilihusu kidudu yule achimbaye shimo mchangani ili kunasa sisimizi. Kingine kilihusu kujenga kwa majani na mabua: mtoto anajenga mwenyewe, anaona kipi kinasimama na kipi kinaanguka, na anajifunza kwamba pembe tatu haipindi upesi kama pembe nne. Hilo ni somo la nguvu lisilogharimu hata franka moja.

Huko Kenya, Eleanor Duckworth, aliyekuwa mwanafunzi wa Jean Piaget wa Geneva, alipewa kazi ya kupima matunda ya mpango huo. Hakuwapa watoto maswali ya kuandika. Aliweka vifaa vingi chumbani, akawaachia watoto wafanye wapendavyo, akatazama. Kisha akawalinganisha na watoto wa shule nyingine, ambao hawakuwa katika mpango. Akaona kwamba waliozoea majaribio walibuni mambo mengi zaidi, tena magumu zaidi. Hawa hawakuwa watoto wa walimu wa Sorbonne. Walikuwa watoto wa kawaida wa shule za Kenya.

Ufaransa yenyewe ilirudi kwenye njia hii mwaka wa 1996. Georges Charpak, aliyezaliwa Polandi kama Mama Curie na kupata tuzo ya Nobel mwaka wa 1992, alikuwa amekwenda Chicago akaona watoto wa mitaa ya maskini wakijifunza kwa majaribio. Aliporudi, yeye na wenzake Pierre Léna na Yves Quéré walianzisha mpango kama huo katika shule za msingi za Ufaransa. Kila mtoto ana daftari la majaribio. Humo anaandika kwa maneno yake anachodhani kitatokea, alichofanya, na alichoona. Bila kalamu, jaribio ni mchezo tu. Bila jaribio, kalamu inanakili maneno ya wengine.

Tuanze wapi?

Wahenga wamesema: elimu bila amali ni kama nta bila asali. Mashule yetu yana shida kubwa, hatuwezi kuificha: madarasa yamejaa, mishahara inachelewa, vita imefukuza watoto wengi katika vijiji vyao. Hatuwezi kumdai mwalimu ajenge nyumba ya majaribio. Lakini historia hii inaonyesha kwamba haihitajiki. Galileo alitumia ubao na maji. Mama Curie alitumia gololi za baisikeli. Watoto wa Afrika walitumia mabua.

Tena watoto wetu hawaanzi toka sifuri. Aliyetengeneza manati anajua kwamba mpira ukivutwa zaidi, jiwe litakwenda mbali zaidi. Aliyepanda chukudu katika njia za Goma anajua kwamba mteremko mkali unaongeza mbio, na kwamba mpira ukikandamizwa kwenye gurudumu unazuia. Huo ni msuguano. Ameujua kwa mguu wake kabla ya kusikia jina lake darasani. Kazi ya mwalimu ni kukutanisha jina na mguu.

Atakayetaka kuanza, aanze na uzi wa metre moja na jiwe. Afunge jiwe kwenye uzi, alining'inize mlangoni, alisukume kidogo. Liende na kurudi mara 10, na watoto wahesabu muda kwa saa. Litatumia sekunde 20 hivi. Kabla ya kufunga jiwe lililo zito mara mbili, awaulize watoto: sasa litakwenda upesi zaidi, au pole pole zaidi, au sawasawa? Kila mmoja aandike jibu lake. Watabishana, na wengi watakosea kama Aristotle. Mwalimu asiseme neno. Afunge jiwe zito, wahesabu tena. Jiwe lenyewe ndilo litakalowajibu.